Nyuso za Konoha

Naruto Uzumaki anapotokea kwa mara ya kwanza ana ndoo ya rangi mkononi. Amening'inia kwenye mlima ambao nyuso za viongozi wa kijiji zimechongwa, anazichafua moja baada ya nyingine, na watu wazima wanamfokea kutoka chini. Masashi Kishimoto alianza kuichapisha hadithi hiyo ya picha katika jarida la Kijapani la Weekly Shōnen Jump mwaka 1999 na kuimaliza mwaka 2014, ikiwa imefika sura 700. Ukilisoma tukio lile mara ya kwanza utaona utundu. Ukilirudia baada ya kuzijua habari za mtoto yule, utaona kwamba kijiji kizima hakimtazami, isipokuwa siku anapoharibu kitu.

Habari zenyewe ni hizi. Usiku aliozaliwa, mbweha wa mikia tisa alikivamia kijiji cha Konoha akaua watu wengi. Hokage wa Nne, mkuu wa kijiji, alitoa uhai wake kumfungia mnyama huyo ndani ya mwili wa kichanga. Hokage wa Tatu akapiga marufuku watu wazima kulizungumzia jambo lile, ili watoto wa rika la Naruto wakue bila kulijua. Marufuku iliziba midomo, macho haikuyaziba. Watoto hawakuambiwa kitu, lakini waliona jinsi wazazi wao wanavyomtazama, nao wakajifunza kumkwepa. Sisi tunalo neno la hali hiyo: kisirani. Mitaa niliyokulia haikukosa mtoto wa namna hiyo, ambaye mama yake alifariki akimzaa, au nyumba yao iliungua mwaka aliozaliwa. Hakuna aliyemwambia kosa lake. Ila hakuna pia aliyemwita aje kula na wenzake.

Ndiyo maana ninaamini kwamba Naruto, pamoja na mapambano yake yote, ni hadithi ya mtu kutafuta kuonekana. Katika Kijapani cha asili kuna kitenzi kinachorudi tena na tena vinywani mwa wahusika, mitomeru: kumtambua mtu, kukubali kwamba yupo na anahesabika. Naruto anasema anataka kuwa Hokage, na sababu anayoitoa ni hiyo hiyo, kwamba siku ile kijiji hakitakuwa na budi kumtambua. Sasa zitazame gemu zilizotokana na hadithi hii, na ni nyingi mno. Karibu zote zimechukua ngumi, shuriken (nyota za chuma za kurusha) na mbinu za ninja, zikaliacha hili. Iliyolielewa vizuri kuliko zote ilitoka mwishoni mwa Oktoba 2007, kwa Xbox 360 peke yake, na haikutengenezwa Japani. Ni Naruto: Rise of a Ninja, kazi ya studio ya Ubisoft iliyoko Montreal, Kanada.

Wengi wetu haikutufikia. Naruto ya mtaani kwetu ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na ile ya kuwekewa kwenye flashi katika duka la muvi, vipindi vimerukwa katikati na maandishi ya Kiingereza yanapita chini upesi. Na kulikuwa na ile ya kibanda cha gemu: PlayStation 2, pedi mbili, tivii moja, benchi la mbao. Kibandani unalipia mechi. Aliyepigwa anaachia pedi, aliye kwenye foleni anakaa. Biashara hiyo ilitufundisha kuipenda gemu ya kupigana, kwa kuwa mechi yake inakwisha kwa dakika chache na kila mtu anamwona mshindi. Hakuna mwenye kibanda ambaye angekuvumilia uzurure kijijini saa nzima ukiwatafuta watoto waliojificha. Rise of a Ninja niliikuta miaka mingi baadaye, kwa binamu yangu aliyenunua Xbox 360 ya mtumba, nikakaa nayo likizo nzima.

Unapoianza, Konoha iko wazi mbele yako: vichochoro, paa za kukimbilia, duka la Ichiraku linalouza ramen, yaani supu ya tambi, mlima wenye nyuso. Unakwenda utakako. Lakini watu unaopishana nao wamekukunjia uso, na wengi hawataki hata kushughulika nawe. Unapita sokoni, sura ni hizo hizo. Unapanda juu ya paa, unaruka, unashuka upande wa pili wa mtaa, sura ni hizo hizo. Kisha mtu mmoja anakubali kukupa kazi. Unamfanyia. Uso wake unakunjuka, na kuanzia hapo kila ukimpitia anakutazama kama mtu anavyomtazama jirani.

Kiufundi ni jambo dogo, ni kubadilisha sura ya mhusika baada ya sharti fulani kutimizwa. Uzito wake unatokana na mahali lilipowekwa. Katika anime, katuni ya Kijapani iliyotokana na hadithi hii, wanakijiji ni watu wa nyuma ya picha. Kamera inawapitia wanaponong'ona, unaelewa kwamba Naruto anaumia, kisha hadithi inasonga mbele. Wewe mtazamaji hukuumia, ulielezwa tu. Kwenye gemu hakuna kamera ya kukupitisha. Ni wewe mwenyewe unayelivuka soko lile mara kumi kwa siku, na kila mara ni wewe unayekunjiwa uso. Baada ya saa mbili nilijikuta naenda mtaa niliokwisha kufanyia kazi watu wake, bila shida yoyote ya kwenda huko, ili tu nipite mahali ambapo sikasirikiwi. Nilipojigundua nafanya hivyo niliweka pedi chini kwa muda. Hakuna kipindi cha anime kilichowahi kunifanyia jambo lile.

Kazi zenyewe ni za mtoto wa mtaani hasa. Unapeleka bakuli za ramen kabla hazijapoa. Unacheza kibe na watoto. Unakimbizana na muda juu ya paa. Polepole unakijua kijiji kwa miguu: kichochoro gani kinatokea wapi, ukuta gani unapandika, paa gani liko karibu na paa lipi. Naruto anaponena kwamba atakilinda kijiji chake, unakijua kijiji anachokisema. Nadhani siyo bahati tu kwamba jambo hili lilifanywa na Montreal. Studio ile ndiyo iliyotoa Prince of Persia: The Sands of Time mwaka 2003, na wiki mbili tu baada ya Rise of a Ninja ikatoa Assassin's Creed ya kwanza. Ni watu waliokuwa wametumia miaka wakijiuliza namna ya kuufanya mji uwe mahali pa kuishi, wenye kuta za kupanda na watu wanaoyaona matendo yako barabarani. Waliichukua hadithi ya Kijapani wakaisoma kwa jicho la wajenzi wa miji, na jicho hilo likaona kitu ambacho wajenzi wa mapambano walikipita.

Kuna jingine walilolipata sawasawa. Ili kutumia mbinu za kininja, unavisogeza vijiti viwili vya pedi kwa mpangilio maalumu, upande huu, upande ule, juu, chini, ndani ya muda mfupi, mfano wa zile ishara za mikono ambazo ninja wa Kishimoto hufanya kwa vidole. Mwanzoni vidole vinagongana. Unakosea, chakra, ile nguvu ya kufanyia mbinu, inapotea, adui anakupiga. Kumbuka kwamba Naruto alifeli mtihani wa kumaliza chuo cha ninja mara tatu, na kilichomshinda ni mbinu ya kujigawa, ambayo wenzake waliiona rahisi. Mchezaji anapofeli naye, anafeli kwa namna ile ile ya mwanafunzi aliye nyuma ya darasa: anajua kinachotakiwa, mikono haijakubali. Kisha siku moja inakubali, na huhitaji tena kufikiri.

Sisemi kwamba gemu hii haina dosari. Nje ya kijiji, njia za msituni zimejaa majambazi wanaofanana, unawapiga leo, kesho wako pale pale. Kazi za kupeleka ramen zinajirudia mpaka zinachosha. Na mapambano ya mtu kwa mtu, ambayo hadithi inayategemea katika zile kazi kubwa zake, si ya kina kama ya gemu zilizozaliwa kuwa za kupigana. Inafuata vipindi takriban 80 vya mwanzo, na inavipita vingine kwa haraka isiyopendeza. Iliyoifuata, The Broken Bond ya mwaka 2008, ilikuletea kikosi cha watu watatu wa kuwabadilisha na kufika hadi kuondoka kijijini kwa Sasuke, mwenzake Naruto kikosini. Hapo ndipo Ubisoft ilipoishia na Naruto.

Kuanzia hapo mkondo ulirudi Japani na ukabaki huko. CyberConnect2, studio ya mjini Fukuoka, ilikuwa tayari imeanza mfululizo wa Ultimate Ninja Storm mwaka 2008 kwenye PlayStation 3. Wale ni mafundi, na lazima nilikiri hilo kwa moyo mkunjufu. Hakuna aliyewahi kuichora anime ikatembea mikononi mwa mchezaji kwa uzuri kama wao. Pambano kubwa la Storm linakufanya ushike pumzi. Storm ya kwanza bado ilikuwa na Konoha ya kukimbilia na kupanda, lakini ilipofika Storm 2 mwaka 2010, kijiji kilikuwa kimegeuka njia nyembamba zenye kamera isiyogeuka, unapita katikati ya picha nzuri iliyochorwa ili ufike kwenye pambano linalofuata. Wakati huo huo orodha ya wapiganaji ilikuwa inavimba. Storm ya kwanza ilikuwa na wapiganaji 25. Storm 4, mwaka 2016, ilikuwa na zaidi ya 100.

Hizo ndizo hesabu za biashara, na zinaeleweka. Hadithi inayotoka kila wiki kwa miaka 15 inazaa wahusika kila msimu, na kila mhusika mpya ni sababu ya kutoa gemu mpya, au nyongeza ya kuuzwa baadaye. Mfumo wa pambano ukishajengwa unatumika tena na tena. Kijiji hakitumiki hivyo. Kijiji kinadai mtu akae afikirie yule mama muuza mboga anamtazamaje Naruto leo, na atamtazamaje mwezi ujao, na hakuna atakayeliweka jambo hilo kwenye jalada la gemu. Lakini fikiria gharama yake kwa hadithi. Baada ya pambano na Pain, adui aliyekiangamiza kijiji, Naruto anarudi kijijini kilichobomolewa na watu wanamiminika kumpokea kama shujaa. Ni kilele cha kila kitu Kishimoto alichokijenga. Kilele hicho hakipimwi kwa ukubwa wa pambano lililotangulia. Kinapimwa kwa miaka ambayo watu wale wale walimpa kisogo. Mchezaji ambaye hajawahi kupishana nao kichochoroni anaona umati tu unaoshangilia.

Tatizo hili si la Naruto peke yake. One Piece: World Seeker ya Ganbarion, iliyotoka Machi 2019, iliwapa mashabiki walichokuwa wakikiomba, ulimwengu wazi wa kuzurura na Luffy, nahodha wa maharamia mwenye mwili wa mpira. Ikampeleka kisiwa cha gereza na kumwachia azurure peke yake, wenzake wote huwezi kuwacheza. Hadithi ya Eiichiro Oda, tangu mwaka 1997, inamhusu mtu ambaye bila mabaharia wake hafiki popote. Kuna anga pana mle na mikono inayonyooka kutoka paa hadi paa, ila sauti ya genge haimo, na bila genge lile One Piece ni kofia ya majani tu. Kwa upande mwingine, studio ya Omega Force walipotengeneza gemu ya Attack on Titan, hadithi ya watu wanaopigana na majitu yanayokula watu, mwaka 2016, walishika jambo moja dogo na kulishika barabara: gesi inayoendesha kamba za kurukia inakwisha na panga zinakuwa butu. Unaruka juu ya mji kwa kamba zako, umejaa raha, kisha unasikia gesi inakohoa na jitu limegeuka. Woga wa hadithi ile umo katika kipimo kile cha gesi kuliko katika damu yote iliyomwagwa kwenye skrini. Hivi ndivyo ninavyozipima gemu za namna hii sasa. Natafuta ni kitu gani mikono yangu inakifanya mara nyingi zaidi, kisha nauliza kama kitu hicho ndicho hadithi inachokihusu.

Lakini nikiipima Rise of a Ninja kwa kipimo hicho hicho mpaka mwisho, naona jambo linalonisumbua, na aliyeniamsha ni mtoto wa binamu yangu. Alikuwa na miaka tisa, amekaa kando yangu mkekani, nami nikiwatafuta watu wa mwisho mwisho waliobaki wamenuna. Akaniuliza, "Baba mdogo, mbona ni yeye tu anayewafanyia kazi? Wao hawamwombi msamaha?"

Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli kabisa. Mtoto hana kosa. Alitolewa kafara akiwa kichanga kwa ajili ya kijiji kile, na sasa kijiji kile kile kinamtumikisha ramen ndipo kimpe salamu. Gemu imeligeuza deni: anayedai ndiye anayelipa. Na utaratibu wake unalikaza zaidi kosa hilo, kwa sababu upendo umewekewa bei inayojulikana, kazi moja kwa uso mmoja, na kila mtu ananunulika. Watu hawako hivyo. Watoto waliolelewa kwa ndugu wanaijua nyumba ambamo unafua, unachota maji, unaosha vyombo, na bado kuna mtu mmoja ambaye hatakutazama hata ufanye nini. Na wanamjua pia yule bibi wa nyumba ya tatu aliyekuita "mwanangu" siku ya kwanza, kabla hujamfanyia lolote.

Kishimoto mwenyewe aliwaweka watu hao katika hadithi. Teuchi, mwenye duka la Ichiraku, alimpa Naruto bakuli lake na kumtendea kama mteja mwingine yeyote. Na yuko Iruka, mwalimu wake, ambaye wazazi wake wote wawili waliuawa na mbweha yule. Kama kuna mtu Konoha mwenye haki ya kumkunjia uso Naruto, ni Iruka. Usiku ambao Mizuki, mwalimu mwenzake Iruka, anamfumbulia mtoto siri yake na kumwambia kwamba hata Iruka anamchukia, Iruka anasimama mbele ya silaha na kuipokea kwa mgongo wake. Halafu anamvua mtoto miwani yake, anamfunga kitambaa chake mwenyewe cha ninja kwenye paji la uso. Naruto alikuwa amefeli mtihani. Alikuwa ameiba kitabu cha siri. Hakuwa amempelekea mtu ramen. Yote yaliyofuata katika sura 699 zilizobaki yanasimama juu ya tendo lile la mtu mzima aliyeanza yeye.

Kwa hiyo ninapofikiria gemu nyingine ya Naruto, siwazi orodha ndefu zaidi ya wapiganaji, na wala siwazi Konoha pana zaidi. Nawaza gemu ambayo wewe ni Iruka katika miaka ile kabla hadithi haijaanza. Unafundisha asubuhi, mtoto wa mbweha yuko darasani kwako, anapiga kelele ili mtu ageuke. Jioni unarudi kwenye nyumba ambayo wazazi wako hawamo. Hakuna kipimo cha kujaza. Hakuna anayekupa alama ukifanya vizuri wala anayekukatia ukifanya vibaya, maana kijiji kizima kitakuelewa ukimchukia. Wenzako wanapita na watoto wao waliofaulu, wanacheka, wanakwenda kula. Mbele ya lango la chuo kuna mti, kwenye mti kuna bembea, na juu ya bembea amekaa yule mtoto peke yake, ameinamisha kichwa chake. Una vitufe viwili, kimoja cha kupita na kimoja cha kusimama.